Sayyid Barghash na bara lililoponyoka: kutoka Unguja hadi milima ya Buha

Wazee wetu walituachia msemo usemao kwamba zumari likipigwa Unguja huchezwa hadi maziwa makuu. Msemo huo hutajwa kila inapozungumzwa dola ya Zanzibar ya karne ya 19, na wengi wetu tumeukariri tangu utotoni bila ya kuupima. Ni nani hasa waliokuwa wakicheza huko maziwani? Na ilikuwaje zumari lenyewe likanyamaza katika kipindi kisichozidi miaka miwili, kati ya mwaka 1885 na mwaka 1886?

Maswali haya si ya Unguja peke yake. Msomaji aliyeko Mabamba, katika wilaya ya Kibondo, anaishi karibu na mpaka wa Burundi, mpaka ambao mizizi yake imo katika mazungumzo yaliyofanyika mbali mno na milima ya Buha, baina ya watu ambao wengi wao hawakupata kuiona milima hiyo. Katikati ya mazungumzo ya awali alisimama mtawala mmoja Mwislamu, Sayyid Barghash bin Said, aliyejaribu kwa kalamu, kwa safari na kwa subira kuihifadhi nchi aliyoamini kuwa ni yake. Ni vyema tukamtazama kwa insafu, bila ya kumpamba na bila ya kumdhulumu.

Kijana wa uasi, mtawala wa busara

Sayyid Barghash alikuwa mmoja wa watoto wengi wa Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar na kufariki mwaka 1856. Baada ya kifo hicho dola iligawanyika. Ndugu yake Thuwaini alishika Oman, na Majid akashika Zanzibar. Mwaka 1861 Waingereza wa India waliuidhinisha mgawanyiko huo, kwa sharti kwamba Zanzibar iilipe Oman riale 40,000 kila mwaka.

Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua Majid, akisaidiwa na baadhi ya ndugu zake, akiwemo dada yake Sayyida Salme. Jaribio lilizimwa kwa msaada wa askari wa manowari za Kiingereza, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Huko aliiona dola ya Kiingereza kwa macho yake: bandari, reli, taratibu za ofisi na nguvu za jeshi. Aliporejea, na hatimaye kukalia kiti mwezi wa Oktoba 1870, alikuwa amekwisha kujua kwamba Mwingereza ni jirani asiyeepukika, awe rafiki au awe adui.

Mwanzo wa utawala wake ulikuwa mzito. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi na kuzamisha vyombo vya Sultani. Kabla jeraha hilo halijapona, mwaka uliofuata alifika Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, akidai mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Barghash alikataa, na Frere akaondoka mikono mitupu. Ndipo London ilipomwagiza balozi wake mdogo, Dkt. John Kirk, amweleze Sultani kwamba asipotia saini kisiwa kitazingirwa. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ulitiwa saini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Hapa tusifumbe macho. Biashara ile ilikuwa dhuluma kubwa juu ya viumbe wa Mwenyezi Mungu, na kufungwa kwake kulikuwa ni haki iliyochelewa. Lakini katika siasa za dola siku ile ilimfunza Barghash jambo lingine. Maamuzi makubwa ya nchi yake yangeweza kuchukuliwa London, na anuani yake ikawa ofisi ya Kirk. Tangu hapo akachagua njia moja aliyoishika kwa takriban miaka 13: kumridhisha Mwingereza katika mambo anayoyataka, ili Mwingereza amlindie ufalme wake.

Njia iliyozaa matunda

Kwa muda njia hiyo ilionekana kuwa ya busara. Mwaka 1875 Barghash alikwenda Uingereza na kupokewa kwa heshima. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Khedive Ismail wa Misri, aliyetaka kuipanua dola yake hadi Bahari ya Hindi, alituma jeshi kwa meli likateka Barawa na Kismayu. Barghash hakuwa na nguvu za kulitoa jeshi hilo. Alimwendea Kirk, Kirk akaiandikia London, London ikaibana Cairo, na mwanzoni mwa mwaka 1876 Wamisri wakaondoka. Miji ile ilirudi kwake pasipo Sultani kupigana vita.

Yeye naye akalipa fadhila. Mwaka 1876 alitoa amri mbili za kupiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Mwaka 1877 alimkabidhi Luteni Lloyd Mathews, Mwingereza, kazi ya kuunda jeshi la kisasa. Ndani ya mji alijenga kwa bidii. Alivuta maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji, akaanzisha safari za meli za moshi kati ya Unguja na Bombay, akajenga kasri la Beit al-Ajaib lililokamilika mwaka 1883. Wanazuoni wanamkumbuka pia kwa mtambo wa uchapaji alioanzisha karibu na mwaka 1880, uliochapisha vitabu vikubwa vya fiqhi ya madhehebu ya Ibadhi, kikiwemo Qamus al-Sharia.

Aliwatumia pia maulamaa katika kazi za dola. Sheikh Abdul Aziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa na kadhi wa madhehebu ya Shafii, alipelekwa naye hadi upande wa Ruvuma kuzungumza na wakuu wa huko. Hata hivyo mkono wake ulikuwa mzito kwa aliyemwona mpinzani. Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui alitiwa gerezani kwa sababu ya mijadala ya madhehebu, na hakutoka mpaka Barghash alipokwisha kufariki.

Dola ya njia na bendera

Sasa tuiangalie hiyo bara iliyodaiwa kuwa ya Sultani. Kutoka pwani ya Bagamoyo njia ya msafara ilikwenda Tabora, na kutoka Tabora ikagawanyika, tawi moja likielekea Ujiji. Msafiri Richard Burton aliondoka pwani mwezi wa Juni 1857 na hakufika Ujiji hadi Februari 1858. Katika njia ndefu namna hiyo, amri ya mtawala aliyeko kisiwani ilifika ikiwa imechoka.

Tabora alikuwapo liwali. Ujiji aliongoza Mwinyi Kheri, Mswahili wa pwani aliyekuwa amekaa ziwani miaka mingi, kabla ya Sultani kumtambua na bendera nyekundu ya Zanzibar kupandishwa mwanzoni mwa miaka ya 1880. Watu hawa hawakutumwa na Barghash kwenda kuiteka nchi. Walikwenda wenyewe kutafuta pembe, wakaoa, wakajenga, wakapatana na wenyeji, na baadaye wakaona faida ya kuwa na bendera. Sultani aliwapa jina na heshima, nao wakampa madai ya kuwa na nchi.

Nje kidogo ya Ujiji mambo yalikuwa mengine. Milima ya Buha ilikuwa na watawala wake, mamwami wa Heru, wa Muhambwe ambako ndiko Kibondo ya leo, wa Buyungu na wengineo. Hao hawakulipa kodi Unguja. Wao ndio waliotoza. Henry Stanley alipopita Buha mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alitozwa hongo mara kwa mara, hata akaamua kuwatoroka watozaji usiku. Hongo ilikuwa ushuru wa mwenye nchi kwa anayepita, na anayelipa hongo amekiri kwamba nchi anayopita ina mwenyewe.

Upande wa magharibi, mwami wa Burundi, Mwezi Gisabo, aliendelea kuwazuia wafanyabiashara wa Ujiji wasiingie milimani kwake. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza na aliyekuja kuwa mkubwa wa Ujiji baada ya Mwinyi Kheri, alijaribu na kurudishwa. Kwa hiyo zumari la Unguja lilisikika maziwani, ndiyo, lakini lilisikika barabarani na sokoni. Juu milimani palikuwa na ngoma nyingine.

Barghash mwenyewe alilihisi pengo hili. Tippu Tip alipofika Unguja mwaka 1882, Sultani alimtaka awe liwali wa Tabora, na alipokataa, akamhimiza arudi Manyema kuishikilia kwa jina la Zanzibar. Ilikuwa fikra sahihi. Ila ilikuja wakati Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mkono wa Stanley, alikuwa tayari anapanda bendera zake kando ya mto Kongo.

Miaka miwili ya kunyang'anywa

Mwezi wa Novemba 1884 vijana watatu wa Kijerumani wakiongozwa na Karl Peters waliwasili Unguja wakificha nia yao, wakavuka kwenda bara. Katika majuma machache walizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, wakikusanya alama za wakuu juu ya karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Mkutano wa Berlin, ambao Barghash hakualikwa, ulimalizika tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake Kaiser Wilhelm wa Kwanza akazipa karatasi zile hati ya ulinzi wa dola.

Habari ilimfikia Barghash mwezi wa Aprili. Akapeleka simu kwa Kaiser kupinga, akisema nchi zile ni zake tangu enzi ya baba yake. Hakuishia kwenye maneno. Alituma askari Usagara na Witu, na akamtuma Jenerali Mathews hadi Kilimanjaro, ambako wakuu wa Uchaga na Taita wapatao 25 walikubali bendera ya Sultani. Haikupita muda mrefu, Wajerumani nao wakafika Uchaga na mikataba yao.

Kisha akamgeukia rafiki yake. Kirk alimhurumia kwa dhati, kwani kazi ya maisha yake ilikuwa inabomoka mbele yake. Lakini amri zilitoka London, na London ya mwaka 1885 ilikuwa na mashaka mengine. Khartoum ilikuwa imeanguka mwezi wa Januari. Mwezi wa Machi Urusi, iliyokuwa ikisogeza mipaka yake Asia ya kati hatua kwa hatua, iligongana na Waafghani huko Panjdeh, na Uingereza ikawa ukingoni mwa vita. Katika Misri pia Uingereza ilihitaji kauli ya Bismarck. Basi Kirk akaagizwa asiwapinge Wajerumani, bali amshauri Sultani akubali. Tazama jinsi dunia ilivyofungamana: risasi zilizolia mpakani mwa Afghanistan zilisikika katika kasri la Unguja.

Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji, mizinga ikielekea kasri. Katika kundi hilo la meli aliletwa Sayyida Salme, dada yule yule wa mwaka 1859, ambaye sasa alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa Kijerumani na akiitwa Emily Ruete. Wajerumani waliona faida ya kuwa naye karibu, wakamtumia kama kitisho. Siku chache baadaye Barghash aliondoa pingamizi lake juu ya nchi zile nne na Witu.

Kilichobaki kilikamilishwa kwa karatasi. Iliundwa tume ya kuchunguza mipaka ya Sultani, yenye wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ufaransa. Mjumbe wa Kiingereza alikuwa Kitchener, aliyekuja baadaye kujulikana kwa vita vya Sudani. Sultani mwenyewe hakupewa kiti katika tume iliyokuwa ikiamua nchi yake. Zaidi ya hayo, iliamuliwa kwamba yatakayoandikwa ni yale tu ambayo wajumbe wote wameafikiana. Mwenye kupunguza akawa na nguvu kuliko mwenye kuongeza, kwani ilitosha mjumbe mmoja kukataa ili mji au kijiji kisihesabiwe.

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwishoni mwa mwaka 1886 ukamwachia Sultani visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 kutoka karibu na mto Ruvuma hadi Kipini, na miji kadhaa ya Benadiri. Bara yote nyuma ya ukanda huo iligawanywa kati ya mataifa mawili. Mwezi wa Desemba Barghash alikubali. Tabora na Ujiji, zilizopeperusha bendera yake, hazikuwamo.

Tippu Tip anasimulia katika maisha yake kwamba alipokutana na Sultani wakati huo, alimkuta amekata tamaa. Alimwambia asimkasirikie, kwani Wazungu wanakitaka hata kisiwa chenyewe, seuze bara. Mwezi wa Februari 1887 Tippu Tip alikubali kuwa liwali wa Leopold katika maporomoko ya Stanley. Mtu aliyetakiwa kuishikilia Manyema kwa ajili ya Zanzibar akapokea mshahara kutoka kwa mfalme wa Ubelgiji. Barghash aliugua, akaenda Oman kutafuta nafuu, akarejea na kufariki mwezi wa Machi 1888. Baada yake pwani ilikodishwa kwa kampuni ya Kijerumani, yakafuata mapigano ya Abushiri, na mwaka 1890 haki za Sultani katika pwani hiyo zikauzwa kwa marki milioni 4. Ukanda wa pwani ya Kenya ulibaki wake kwa jina hadi mwaka 1963.

Mpaka unafika Mabamba

Huko ziwani watu wa pwani waliachwa peke yao. Rumaliza alipigana na Wabelgiji na kushindwa mwaka 1894, na mwaka 1896 Wajerumani wakaweka ngome yao Ujiji. Mwaka 1903 Mwezi Gisabo naye akalazimika kuwakubali. Buha na Urundi zote zikawa chini ya bendera moja ya Kijerumani.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta wachoraji wapya. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliteka Kigoma na Tabora, na kwa miaka kadhaa watu wa Kigoma, Kasulu na Kibondo walitawaliwa na Wabelgiji. Tarehe 30 Mei 1919 Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji waliafikiana. Ruanda na Urundi ziende kwa Mbelgiji, sehemu iliyobaki iende kwa Mwingereza. Mwezi wa Machi 1921 Wabelgiji waliikabidhi Kigoma. Mkataba wa mwaka 1934 baina ya serikali hizo mbili ukaueleza mpaka huo kwa undani zaidi, na sehemu yake unafuata mto Malagarasi. Mwaka 1919 Orts na Milner wangeafikiana vingine, yamkini mtu wa Mabamba angekuwa leo raia wa Burundi.

Lugha haikuugawa mto. Mha na Mrundi wanasikilizana wanapozungumza, wanaoana, wanauziana mazao. Lakini mstari ule una uzito wake. Mwaka 1972, mwaka 1993 na tena mwaka 2015, maelfu ya Warundi waliokuwa wakikimbia kifo waliuvuka kuingia Kigoma, na wilaya ya Kibondo ikawa na kambi kama Kanembwa, Mtendeli na Nduta. Kuvuka mpaka kulikuwa ndiyo kuokoka.

Tunajifunza nini?

Wapo wanaomlaumu Barghash kwa kumwamini Mwingereza. Lawama hiyo ni nyepesi. Mtawala asiye na manowari angefanya nini mbele ya mizinga? Alipigania haki yake kwa kila njia aliyokuwa nayo, na mara moja, dhidi ya Misri, alishinda. Kosa la njia yake lilikuwa kuegemea mlango mmoja. Rafiki alipokuwa na shida zake, hapakuwa na pengine pa kubisha hodi.

Lakini lipo jambo zito zaidi. Madai ya Zanzibar juu ya bara yalisimama juu ya misafara ya pembe na watumwa. Watu wa bara waliijua bendera nyekundu kwa njia ya bunduki na minyororo mara nyingi kuliko kwa njia ya kadhi na uadilifu. Siku bendera hiyo iliposhushwa, hawakuona sababu ya kuifia. Utawala ni amana, na amana hulindwa na wale wanaoona kheri yake. Hili halimwondolei Peters wala Bismarck dhambi yao. Linaeleza tu kwa nini nyumba ilibomolewa upesi.

La mwisho ni la wenyeji wa milima hii. Katika simu ya Barghash kwa Kaiser, katika tume ya Kitchener, katika meza ya Milner na Orts, hakuna mahali ambapo Mwami wa Muhambwe aliulizwa neno. Sultani alidai, Mjerumani akadai, Mbelgiji na Mwingereza wakagawana, na kila mmoja alisema nchi ni yake. Leo mikataba ya nchi yetu hutiwa saini na watu tunaowachagua wenyewe, iwe ni ya mipaka, ya ardhi au ya madini. Tofauti hiyo ilipatikana kwa gharama kubwa, na inatudai tusome kilichoandikwa kabla ya kutia alama, na tuwaulize wakaao juu ya ardhi kabla ya kuizungumzia.